Kukauka si Kufa: Historia ya Sukari Ilindayo Uhai

Utangulizi

Kila mkulima na kila mvuvi ajua tofauti iliyopo baina ya mbegu na ng'onda. Samaki akipasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani, huwa ng'onda. Hata ukimrudisha baharini hatapiga mkia tena, bali atalainika na kuoza. Lakini punje ya maharagwe iliyoanikwa katika jua lile lile, ikawekwa ghalani hata ikawa ngumu kama kokoto, ukiifukia katika udongo wenye unyevu huchipua baada ya siku chache. Vyote viwili vilikauka. Kwa nini basi kimoja kimekufa, na cha pili kilikuwa kikingoja mvua tu?

Swali hili laonekana jepesi, lakini liliwashughulisha wataalamu kwa muda wa karibu miaka 300. Na sehemu kubwa ya jibu lake, lilipopatikana, ilikuwa ni jamaa wa kitu tunachokitia katika chai kila asubuhi, yaani sukari. Nia ya makala haya ni kuieleza historia hiyo kwa ufupi: nani aliyeona nini, walibishana juu ya nini, na matunda ya ubishi huo yametufikiaje sisi tulio Afrika Mashariki.

Huenda msomaji akauliza: mwalimu wa Kiswahili ana nini na sukari na seli? Majibu ni mawili. Kwanza, lugha ifundishwayo kwa ngano na mashairi peke yake mwishowe hudhaniwa kuwa haiwezi kubeba mizigo mingine, na dhana hiyo huanzia darasani mwetu wenyewe. Pili, kama tutakavyoona, ugomvi mkubwa kabisa katika historia hii ulikuwa ni ugomvi wa maneno: viumbe waliokauka na kuamka, tuseme walifanya nini hasa?

Kabla ya kuendelea yafaa tukubaliane juu ya istilahi mbili. Seli ni chembe ndogo iliyo hai, ambayo miili ya viumbe wote imejengwa kwayo, kama nyumba ijengwavyo kwa matofali. Utando ni ngozi nyembamba mno izungukayo kila seli, ambayo huzuia vya ndani visitoke ovyo na vya nje visiingie ovyo. Utando ukipasuka, seli imekwisha. Tuyashike maneno hayo mawili, maana habari yote inayafuata.

Vumbi la mchirizi wa Delft

Mwaka 1702 Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft huko Uholanzi, aliandika barua kuhusu takataka alizozikuta katika mchirizi wa risasi uliokuwa juu ya paa la nyumba yake. Mtu huyu hakuwa na shahada yoyote, lakini alikuwa fundi hodari wa kusugua vioo vya hadubini. Katika maji ya mchirizi alikuwa ameona vijidudu vyenye vinyweleo vizungukavyo kama magurudumu, ambavyo leo huitwa rotifa. Aliliacha tope likauke kabisa, akaliweka vumbi lake kwa miezi kadhaa, kisha akalitia maji. Muda mfupi baadaye vijidudu vilijinyoosha, vikaanza kuogelea.

Mwaka 1743 padri Mwingereza, John Turberville Needham, alipasua punje za ngano zilizoharibiwa na ugonjwa. Ndani yake alikuta nyuzi nyeupe zilizokauka. Alipozitia maji ili azitazame vizuri, nyuzi zile zilianza kujipinda: zilikuwa ni minyoo. Jambo lililokuwa limeonekana katika vumbi la Delft sasa lilikuwa limeonekana pia katika chakula cha watu.

Kufufuka au kuzinduka?

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Mtaliana Lazzaro Spallanzani, katika kitabu chake cha mwaka 1776, alieleza majaribio mengi aliyoyafanya juu ya rotifa na juu ya wanyama wadogo wenye miguu minane ambao yeye aliwaita kwa neno lenye maana ya "watembeao polepole", yaani tadigredi. Yeye alishikilia kwamba mnyama aliyekauka hivyo amekufa kwelikweli, na kwamba maji humrudishia uhai wake. Wengine walikataa katakata. Walisema kwamba uhai ukitoka haurudi. Kwa hiyo mnyama huyo hakufa kamwe, bali uhai wake ulipungua tu hata usionekane.

Mwalimu wa Kiswahili ataona upesi kiini cha mgogoro huo, kwa kuwa lugha yetu ina vitenzi viwili kwa mambo hayo mawili. Aliyekufa akarudi huwa amefufuka. Aliyezimia akarudi huwa amezinduka. Kundi la Spallanzani lilisema wamefufuka. Wapinzani wake walisema wamezinduka. Wala haukuwa ubishi wa kuchekesha. Ndani yake mlikuwa na swali zito: je, uhai ni mwendo usiokatika, kama moto ambao ukizimika hauwaki wenyewe? Au uhai ni mpangilio, kama saa ya ukutani, ambayo yaweza kusimama na baadaye ikatiwa ufunguo, ikaendelea?

Ubishi uliwaka upya nchini Ufaransa katika karne ya 19. Mwaka 1842 Louis Doyère alitangaza kwamba tadigredi waliokaushwa vizuri walistahimili joto kali kuliko lile lichemshalo maji. Félix Pouchet wa Rouen alimpinga. Hatimaye Chama cha Biolojia cha Paris kiliunda tume, na mwaka 1860 Paul Broca, tabibu mashuhuri, aliandika taarifa yake ndefu. Tume iliona kwamba rotifa waliokaushwa kwa siku 82 katika chombo kilichoondolewa hewa, kisha wakatiwa katika joto la nyuzi 100 kwa nusu saa, bado waliweza kuamka walipopata maji. Lakini mintarafu ya swali lile kubwa, kama wamefufuka au wamezinduka, tume haikutoa hukumu.

Karibu miaka 100 ilipita. Mwaka 1959 David Keilin wa Cambridge, katika mhadhara wake mbele ya Chama cha Kifalme cha London, aliirejea historia yote hiyo tangu Leeuwenhoek, akapendekeza jina jipya la hali hiyo, kriptobiosi, ambalo kwa Kiswahili twaweza kulieleza kuwa ni uhai uliofichika. Keilin aliona kwamba katika hali hiyo shughuli zote za mwili zaweza kusimama kabisa, na bado kiumbe kisiwe kimekufa, almradi mpangilio wa sehemu zake haukuvurugika. Basi swali likageuka. Haikuulizwa tena kama ni kufa au kuzimia. Iliulizwa: ni nini kiulindacho mpangilio huo wakati maji yamekwisha kuondoka?

Sukari iliyotoka katika kifuko cha mdudu

Jibu lilikuwa limelala katika vitabu vya kemia kwa zaidi ya karne moja bila ya mtu kulitambua. Mwaka 1832 Mjerumani Wiggers alikuwa ameipata sukari fulani katika kuvu aotaye juu ya nafaka ya Ulaya iitwayo rai. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Marcellin Berthelot aliichunguza trehala, kitu kitamu kilichotoka nchi za Mashariki ya Kati, ambacho kwa kweli ni vifuko vilivyotengenezwa na mbawakawa juu ya mimea ya miiba. Sukari aliyoitoa humo aliiita trehalosi. Baadaye ilidhihirika kwamba sukari hizo mbili, ya kuvu na ya mbawakawa, ni moja.

Trehalosi imeundwa kwa molekuli mbili za glukosi zilizoshikana mgongo kwa mgongo. Utamu wake ni pungufu ya nusu ya utamu wa sukari ya mezani. Mwaka 1957 Wyatt na Kalf walionyesha kwamba trehalosi ndiyo sukari kuu katika damu ya wadudu wengi. Tena imo kwa wingi katika uyoga na katika hamira. Lakini kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa akiba ya chakula tu, kama mafuta katika nundu ya ng'ombe.

Mwaka 1965 Mmarekani James Clegg alichunguza mayai ya uduvi wa maji ya chumvi aitwaye Artemia, ambayo yaweza kukaa makavu kwa miaka na bado yakaanguliwa. Aliona kwamba yamejaa trehalosi. Mwaka 1975 Madin na John Crowe wa Chuo Kikuu cha California, mjini Davis, waliwakausha minyoo wadogo wa udongo polepole, kwa muda wa siku kadhaa. Minyoo hao, walipoona unyevu unapungua, waliyageuza mafuta ya miili yao kuwa trehalosi na gliseroli. Waliopewa nafasi ya kufanya hivyo waliishi. Waliokaushwa ghafula walikufa. Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa minyoo hawa hata akiba ya mwili wenyewe huwa imeokoka isioze.

Buu wa miamba ya Nigeria na Uganda

Mfano mzuri kuliko yote watoka katika bara letu. Juu ya miamba isiyo na kivuli, huko Nigeria ya kaskazini na Uganda, mvua ikinyesha hutuama maji katika vishimo vidogo. Vidimbwi hivyo hukauka baada ya siku chache, hujaa tena, hukauka tena. Humo huishi mabuu wa mdudu mdogo wa jamii ya wale warukao kama wingu la moshi juu ya Ziwa Viktoria. Jina lake la kitaalamu ni Polypedilum vanderplanki. Mwaka 1951 H. E. Hinton, mtaalamu wa wadudu wa Bristol, Uingereza, alimtangaza kwa mara ya kwanza. Na mwaka 1960 aliandika habari zilizowashangaza wengi. Mabuu waliokaushwa kabisa waliwekwa katika baridi ya nyuzi 270 chini ya sifuri, na wengine katika joto la nyuzi 102 kwa muda mfupi. Walipotiwa maji waliamka. Wengine walikuwa wamekaa miaka mingi katika vyupa, wakavu kama unga.

Kiumbe huyu si wa hadubini. Ana mfumo wa fahamu, ana utumbo, ana misuli. Hajulikani mnyama mwingine mkubwa na mwenye mwili tata kama huo awezaye kukauka kabisa na kurudi. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 2002 ndipo Takashi Okuda na wenzake, huko Tsukuba, Japani, walipoieleza siri yake. Kidimbwi kinapoanza kukauka, buu huanza kutengeneza trehalosi kwa kasi kubwa, hata ikafikia yapata sehemu moja kwa tano ya uzito wake mkavu. Kazi hiyo huchukua kama siku mbili. Ndiyo sababu buu hujijengea kijumba cha tope na mate, chenye umbo la bomba jembamba: kijumba hicho hakimzuii kukauka, bali humchelewesha, ili apate nafasi ya kumaliza kujiandaa. Ukimtoa ndani ya kijumba na kumkausha kwa saa chache tu, hufa kama viumbe wengine wote.

Haya ndiyo niyaonayo kuwa ya kufikirisha kuliko yote. Ukame humkuta buu huyu kila mwaka, tena mara nyingi, naye hana pa kukimbilia. Wokovu wake ni kwamba huanza kazi maji yangali yapo.

Sukari hufanyaje kazi?

Sasa tutazame kazi yenyewe. Utando wa seli umejengwa kwa molekuli za mafuta za aina maalumu, zipangwazo safu mbili. Kila molekuli ina kichwa kipendacho maji na mikia ikimbiayo maji. Vichwa hutazama nje, mikia hujificha kati. Baina ya kichwa na kichwa huwa na molekuli za maji zilizovishikilia na kuvitenganisha, kama vijiti vitenganishavyo mbao mbichi zisigusane.

Maji yakiondoka, vichwa husogeleana na mikia hubanana. Hapo utando, ambao kwa kawaida ni laini kama mafuta, huganda. Kila mtu aliyekaa pwani amepata kuona mafuta ya nazi yakiwa maji mchana na yakaganda katika asubuhi yenye baridi. Utando nao una kiasi chake cha joto ambacho chini yake huganda. Na ukauke, kiasi hicho hupanda sana, hata utando ukaganda katika joto la kawaida. Hatari kubwa huja maji yanaporudi. Utando ulioganda huanza kulainika vipande vipande, na wakati huo hufunguka nyufa, vya ndani vikavuja. Seli hufa wakati inanyweshwa.

Trehalosi huingia mahali pa maji. Molekuli yake ina vishikizo vingi vya oksijeni na hidrojeni, kama vile vya maji yenyewe, na kwa vishikizo hivyo hujishika katika vichwa vya mafuta na kuvitenganisha. Utando hauna maji, lakini wadhani unayo. Hauganzi, basi haupiti katika hatari ya kulainika. Wazo hilo lilikwisha kutajwa katika miaka ya 1960, lakini uthibitisho wake mkubwa ulitolewa na John Crowe, mkewe Lois Crowe na wenzao, hasa katika makala yao ya mwaka 1984. Walichukua tando zilizotolewa katika misuli ya kamba koche, wakazikausha. Zilizokaushwa bila ya sukari ziliharibika kabisa. Zilizokaushwa pamoja na trehalosi, zilipotiwa maji, zilifanya kazi kama zile ambazo hazikukaushwa kamwe. Sukari nyingine zilisaidia kwa kadiri zake, lakini trehalosi iliongoza.

Kuna njia ya pili. Maji ya sukari yakipungua sana bila ya kufanya chenga, huwa kioo, kama peremende ngumu uonayo mwanga kupitia kwake. Ndani ya kioo hicho kila kitu husimama mahali pake: protini haziwezi kujikunjua, tando haziwezi kugongana na kuungana. Padri Mkatoliki mzaliwa wa Uswisi, Basile Luyet, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Saint Louis, Marekani, alikuwa ameonyesha umuhimu wa hali ya kioo kwa uhai katika kitabu chake cha mwaka 1940. Leo wataalamu wengi huona kwamba njia hizi mbili, ya kushika mahali pa maji na ya kuwa kioo, husaidiana.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kila sukari yafaa. Glukosi ikikaa muda mrefu karibu na protini katika hali kavu, hushikamana nazo na kuziharibu. Ni badiliko lile lile ligeuzalo mkate kuwa wa kahawia juu. Trehalosi na sukari ya mezani, yaani sukrosi, hazina tabia hiyo. Ndiyo maana mbegu nyingi za mashamba yetu, zinapokomaa na kukauka, hujaza sukrosi na jamaa zake; na ndiyo maana maharagwe ya utangulizi wetu yalichipua.

Tena tusichanganye jambo hili na matunda yaliyohifadhiwa kwa sukari katika chupa. Huko sukari hunyonya maji ya viini viletavyo uozo, navyo hushindwa kuzaana. Kwa viini, sukari iliyo nje ni adui. Kwa buu, sukari iliyo ndani ni mlinzi. Kitu kimoja, kazi mbili, kwa kadiri ya mahali kilipo.

Baridi, na chupa yenye jina lisilo lake

Ukavu na baridi ni ndugu. Maji yanapoganda nje ya seli, yale yaliyobaki huzidi kuwa ya chumvi, nayo huvuta maji kutoka ndani ya seli. Seli hunywea. Kuganda, basi, ni namna moja ya kukauka.

Katika miaka ya 1940, huko Mill Hill, London, Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walikuwa wakijaribu kuzigandisha mbegu za jogoo bila ya kuziua. Walijaribu sukari ya matunda, fruktosi, bila ya mafanikio ya maana. Baadaye walirudia kwa kutumia chupa iliyokuwa imewekwa akiba, na mara hii mbegu ziliamka zikiwa hai. Walipotaka kuongeza dawa ile, mpya haikufaa kitu. Masalio ya chupa yalipopimwa, ilionekana kwamba hayakuwa sukari hata kidogo: yalikuwa ni gliseroli na ute wa yai, dawa itumikayo kubandika vitu juu ya vioo vya hadubini. Majina ya chupa yalikuwa yamebadilishana. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1949. Gliseroli si sukari, lakini ni jamaa yake wa karibu, tamu na nzito kama shira. Mwaka 1953 James Lovelock, wa taasisi ile ile, alieleza kwamba huzilinda seli kwa kupunguza ukali wa chumvi wakati wa kuganda.

Maumbile yalikuwa yametangulia. Mwaka 1982 William Schmid alitangaza kwamba vyura fulani wa misitu ya Marekani ya Kaskazini huganda wakati wa majira ya baridi. Chura wa msituni huacha kupumua, moyo wake husimama, na zaidi ya nusu ya maji ya mwili wake huwa barafu. Barafu inapoigusa ngozi yake, ini lake humimina glukosi katika damu, nayo huenea katika viungo vyote. Baridi inapokwisha, moyo huanza kupiga.

Matunda yake kwetu

Faida ya elimu hii iko karibu nasi kuliko tudhanivyo. Mwokaji anaponunua hamira kavu katika pakiti, amenunua viumbe hai waliolala, ambao wengi wao wameokoka kwa trehalosi. Akitumia maji baridi, tando hupita katika kuganda na kulainika, huvuja, na mkate hauumuki. Akitumia maji ya uvuguvugu, yapata nyuzi 40, hamira huamka salama. Waokaji waliijua kanuni hiyo kabla ya wataalamu kuieleza.

Ng'ombe wengi wa maziwa katika nchi zetu wamezaliwa kwa uhimilishaji. Mbegu za madume huhifadhiwa katika naitrojeni ya maji, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na huo ni mtoto wa moja kwa moja wa chupa ile ya Mill Hill. Ndama wa kwanza wa mbegu zilizogandishwa alizaliwa Uingereza mwaka 1951. Leo kazi hiyo hufanywa Kabete nchini Kenya, Usa River karibu na Arusha, na Entebbe nchini Uganda.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni chanjo. Ndui iliangamizwa kwa chanjo iliyokaushwa, iliyoweza kusafiri katika joto bila ya kuharibika. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa Merka, Somalia, mwaka 1977. Kilinzi cha chanjo ile hakikuwa sukari, bali peptoni, lakini ilithibitisha kwamba unga mkavu waweza kufika pale barafu isipofika. Chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, ambayo tangu mwaka 2019 imetolewa kwa watoto wa Ghana, Malawi na Kenya, sehemu yake iliyo unga ina sukrosi ya kuilinda. Hata zile chanjo mbili za kwanza za RNA dhidi ya UVIKO-19, zilizoidhinishwa mwishoni mwa mwaka 2020, zilikuwa na sukrosi ili zistahimili kugandishwa. Nayo trehalosi, iliyokuwa ghali mno, ilishuka bei sana baada ya kampuni ya Hayashibara ya Okayama, Japani, kuvumbua katika miaka ya 1990 njia ya kuitengeneza kutoka wanga.

Hata hivyo chanjo nyingi, pamoja na hiyo ya malaria, bado zinahitaji jokofu. Kila penye kijiji kisicho na umeme, mtoto hutegemea sanduku la barafu lililobebwa juu ya pikipiki. Siku elimu ya buu wa miambani itakapotumika kikamilifu, sanduku hilo halitahitajiwa. Kwa sababu hiyo habari hii si ya wadudu tu.

Sukari si yote

Ingekuwa vyema kumalizia kwa kusema kwamba sukari ndiyo siri yote. Lakini mwaka 2003 uchunguzi uliofanywa Uingereza ulionyesha kwamba rotifa wa jamii ile aliyoiona Leeuwenhoek hawana trehalosi hata kidogo, nao hukauka na kuamka kama kawaida. Tadigredi wengi nao wana kidogo tu au hawana. Mwaka 2017 ilielezwa kwamba hao hutumia protini za aina yao wenyewe, ambazo nazo huwa kioo zinapokauka. Basi wanyama walioianzisha historia hii ya sukari hawakuitumia sukari hiyo. Lengo ni moja, kuulinda mpangilio. Njia ni nyingi.

Hitimisho

Tumeona kwamba jibu lilianza kwa vumbi la mchirizi, likapita katika ngano iliyooza, kifuko cha mbawakawa, mayai ya uduvi na kidimbwi cha mwambani. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichokuwa cha thamani machoni pa watu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hawa waliinama.

Ndugu walimu, mambo mawili yaweza kutufaa darasani. La kwanza ni zoezi la vitenzi: wape wanafunzi kufa, kuzimia, kulala, kusinzia, kufufuka, kuzinduka, kuamka na kuhuika, kisha waulizwe ni kipi kimfaacho buu aliyetiwa maji, na kwa nini. Watajikuta wanabishana ubishi ule ule wa Spallanzani, tena kwa Kiswahili safi, bila ya kuazima neno. La pili ni jaribio: pakiti moja ya hamira, vikombe viwili, maji baridi na maji ya uvuguvugu, na sukari kidogo. Waandike insha ya walichokiona.

Katika kuyaandika haya sikuhitaji maneno mengi ya kigeni. Majina ya kemikali na ya viumbe wachache yalitosha. Yaliyobaki, utando, buu, kuganda, kunywea, kuvuja, kuzinduka, yalikuwa tayari vinywani mwa watu wetu, kama punje zilizokauka ghalani, yakingoja kunyeshewa.